Wanachama wa kikoba hawaitumii programu yangu: niwafundishe au niibadilishe?

Msomaji mmoja wa Morogoro, kijana aliyehitimu masomo ya kompyuta, ametuandikia swali ambalo kwa ufupi ni hili. Mama yake ni mwanachama wa kikoba cha wanawake 30 wanaokutana kila Jumamosi saa kumi jioni. Alipoona wanavyohangaika na madaftari, aliwatengenezea programu ya simu inayoandika hisa, mikopo, riba na faini, na kutunza kumbukumbu zote mtandaoni. Kila mwanachama amefunguliwa akaunti yenye nywila ya herufi zisizopungua nane, mojawapo ikiwa herufi kubwa na nyingine alama. Wenye simu janja ni 12, waliobaki wana viswaswadu. Miezi minne imepita, na wanaoingia kwenye programu ni mwenyekiti, mweka hazina na wengine wawili au watatu. Wenzao wanaisifu kila wakikutana naye, kisha wanaendelea na daftari. Wiki moja kikao kilihamishiwa Jumapili asubuhi kwa sababu ya msiba, programu ikawatumia wote ujumbe kwamba kikao ni "Jumapili 10:00", na karibu nusu hawakuonekana. Mwenyekiti sasa anapendekeza mafunzo ya siku mbili. Msomaji anauliza: "Je, tatizo ni uelewa wa watumiaji, kwa hiyo niwafundishe, au ni mimi niliyekosea? Na kama nimekosea, nianzie wapi?"

Ndugu msomaji, nakushukuru kwa kuuliza sehemu ya pili ya swali lako, maana wengi wa fani yetu ya kusanifu vifaa na programu huishia kwenye ile ya kwanza. Jibu langu ni kwamba siku mbili za mafunzo hazitabadilisha kitu, lakini pia nakusihi usikimbilie kuandika programu upya wiki hii. Kinachokupungukia si ujuzi wa kompyuta. Hujajua bado sanduku la fedha la kikoba linafanya kazi gani, na hilo hutalijua ukiwa mbele ya kompyuta yako. Utalijua ukiwa umekaa mkekani pamoja nao.

Nianze na mafunzo, kwa kuwa ndiyo dawa anayoipendekeza mwenyekiti wenu, na ndiyo dawa inayotajwa kwanza karibu kila mahali kifaa kinapowashinda watu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, jeshi la anga la Marekani lilisumbuliwa na ajali za namna moja katika ndege za B-17: rubani anatua salama, ndege bado inakimbia ardhini, ghafla anayakunja magurudumu na ndege inalala kwa tumbo. Taarifa za ajali ziliandika kwamba ni kosa la rubani. Hawa walikuwa watu waliofundishwa wakafundishika, kwa hiyo kama tiba ingekuwa kufundisha, ajali hizo zisingekuwepo. Mwanasaikolojia kijana, Alphonse Chapanis, alipolichunguza jambo hilo hakuanza na akili ya rubani. Alianza na kile ambacho mkono wa rubani ulikuwa unakishika. Aligundua kwamba swichi ya magurudumu na swichi ya mabapa ya mabawa, yaani vile vipande vya nyuma ya bawa ambavyo rubani huvishusha ili kutua na hupaswa kuvirudisha baada ya kutua, zilikuwa zimewekwa ubavu kwa ubavu na zilifanana umbo. Mtu aliyechoka, usiku, macho yake yakiwa kwenye njia ya kutulia, hakuwa na namna ya kuzitofautisha kwa vidole. Marubani wa ndege ya C-47, ambayo swichi zake hazikupangwa hivyo, hawakuwa na tatizo hilo. Chapanis alipendekeza kipachikwe kijigurudumu cha mpira juu ya mpini wa magurudumu, na kipande chenye umbo la kabari juu ya ule wa mabapa, ili mkono wenyewe ujue umeshika nini. Kosa lile likatoweka bila kuongezwa hata saa moja ya mafunzo.

Nimekieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu katika picha za skrini ulizoambatanisha nimeziona swichi zako mbili. Katika ukurasa wa mkopo kuna vitufe viwili vya rangi moja na ukubwa mmoja, "Wasilisha" na "Ghairi", bega kwa bega, vikitenganishwa na nafasi isiyotosha hata punje ya mchele. Mtu akibonyeza "Ghairi" kinatokea kisanduku kinachouliza, "Una uhakika unataka kughairi?", na majibu yaliyotolewa ni "Sawa" na "Ghairi". Naomba ulisome swali hilo kama mtu anayeliona kwa mara ya kwanza, mkopo wa mtoto kulipa ada ukiwa mashakani. "Ghairi" ya pili inaghairi mkopo, au inaghairi kughairi? Mimi mwenyewe nililirudia mara mbili. Ukiandika "Futa ombi hili la mkopo?" na majibu yakawa "Ndiyo, lifute" na "Hapana, libaki", umemaliza kazi ambayo mkufunzi angeimaliza kwa nusu siku, halafu ikasahaulika wiki ya pili.

Vitufe, hata hivyo, ni jambo dogo, na ukivirekebisha leo bado wanachama hawataitumia programu.

Tulitazame sanduku. Kikoba kinachofuata utaratibu uliozoeleka kina sanduku la bati lenye kufuli tatu, na funguo zake ziko kwa wanachama watatu ambao hakuna hata mmoja wao anayelala na sanduku nyumbani kwake. Kikao hakifunguliwi mpaka hao watatu wafike. Kila mwanachama anaitwa kwa namba yake, anasogea mbele, anaweka fedha mbele ya wote, wahesabu fedha wawili wanazihesabu kwa sauti, na katibu anagonga mihuri katika kitabu chake, muhuri mmoja kwa kila hisa, kuanzia hisa moja hadi tano. Nafasi zilizobaki wazi zinapigwa mstari ili asitokee mtu wa kuongeza muhuri baadaye. Kabla ya sanduku kufungwa, kiasi kilichobaki kinatangazwa, wanachama wanatakiwa wakishike kichwani, na kikao kinachofuata kinaanza kwa kuwauliza: tuliacha shilingi ngapi?

Mtu aliyezoea kompyuta akiutazama utaratibu huu anaona uchovu na upotevu wa muda. Mimi naona usanifu wa hali ya juu, na una historia. Chimbuko lake ni vikundi vya wanawake vilivyoanzishwa na shirika la CARE huko Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, ambamo wengi hawakujua kusoma na hesabu zilitunzwa kwa kukariri. Ulipoenea katika nchi nyingine vikaongezwa vitabu vidogo na mihuri, lakini kanuni haikubadilika: mtu asiyejua kusoma aweze kujihakikishia, kwa macho na masikio yake mwenyewe, kwamba fedha yake ipo. Muhuri unahesabika hata na asiyeijua tarakimu. Na zile kufuli tatu, ukizifikiria vizuri, hazikuwekwa kwa ajili ya mwizi wa nje, maana mwizi atalibeba sanduku zima aende zake. Zimewekwa ili mwanachama asimshuku mwenzake, na mweka hazina asilale akiwaza nani anamsema.

Sasa itazame programu yako kwa jicho hilo. Fedha inahesabiwa, mweka hazina anainamisha kichwa kwenye simu yake, anabonyeza kitu ambacho wengine 29 hawakioni, anainua kichwa na kusema tayari. Mwanachama akitaka kuhakiki, aende nyumbani, awe na simu janja, awe na bando, aikumbuke nywila, afungue akaunti yake, aone hesabu yake peke yake. Hesabu ya kikundi kizima haoni. Kazi iliyokuwa ya mduara umeihamishia kwenye kioo cha mtu mmoja. Kwa lugha ya kikoba, umeondoa kufuli mbili na kumwachia mweka hazina funguo zote. Kwa hiyo wanapoendelea kugonga mihuri hawaoneshi uzito wa kuelewa; wameelewa vizuri sana, pengine kuliko wewe uliyeiandika, na kinachowazuia kukuambia ni kwamba wewe ni mtoto wa mwenzao na umejitolea.

Neno hili la mwisho nalitilia mkazo, kwa sababu hapo ndipo wasanifu wa kwetu hupotea zaidi kuliko wale wanaosoma mbinu hizi vitabuni. Ukimwonesha mama wa miaka 55 kazi yako na kumuuliza, "Mama, unaionaje?", atakujibu, "Nzuri, mwanangu, Mungu akubariki." Amejibu salamu, hajajibu swali. Sifa kutoka kwa mtu asiyekitumia kifaa hazina uzito wowote, na hasara yake inaweza kuwa kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 huko Afrika Kusini ilisifiwa sana pampu ya maji iliyounganishwa na bembea ya kuzunguka, iliyoitwa PlayPump, kwa hoja kwamba watoto wakicheza maji yatapanda tangini. Ilipata tuzo, na mwaka 2006 wafadhili wa Marekani wakaahidi mamilioni ya dola ili isambazwe katika nchi nyingine za Afrika. Watoto hawachezi kwa ratiba ya ndoo, kwa hiyo vijijini ilibaki kazi ya wanawake watu wazima kuisukuma bembea ile kwa mikono, wakiwa wameinama, ilhali pampu ya kawaida ya mkono ingewapa maji kwa jasho pungufu na kwa gharama ndogo zaidi. Anayelipa, anayesifu na anayechota maji walikuwa watu watatu tofauti, na aliyesikilizwa hakuwa mchotaji. Kwenu, mwenyekiti ndiye anayefurahia programu, kwa sababu ripoti zinatoka safi. Ni furaha ya haki, lakini si yeye anayepaswa kukuambia kama programu inafaa.

Huenda ukaniuliza kama basi nakwambia kikoba kisiguswe na simu kabisa. Sivyo. Wanawake hawa hawa wanatuma na kupokea fedha kwa simu kila siku, wengi wao kwa hivyo viswaswadu, na hakuna aliyewapa semina ya siku mbili. Inafaa kukumbuka ile huduma ilivyozaliwa, kwa kuwa ilianzia karibu sana na hapo ulipo wewe. Majaribio ya M-Pesa yalianza Kenya mwezi Oktoba 2005, kwa fedha za Vodafone na za idara ya maendeleo ya kimataifa ya serikali ya Uingereza, na shabaha yake ilikuwa mikopo midogo: wateja wa taasisi ya Faulu Kenya wapokee na kurejesha mikopo kwa simu. Waliopewa huduma ile wakaanza kufanya mambo ambayo hayakuwa katika mpango. Walitumiana fedha wao kwa wao, wafanyabiashara wakalipana, mtu anayesafiri akaweka fedha kwa wakala mjini, akazitoa afikako, ili njiani asiwe na cha kuporwa. Wasimamizi wa mradi, Nick Hughes na Susie Lonie, wangeweza kuyaita hayo matumizi mabaya na kuwarudisha watu kwenye mstari. Waliyachukua kuwa ndiyo majibu. Safaricom ilipoizindua huduma hiyo rasmi mwezi Machi 2007, mikopo ilikuwa imewekwa kando, na tangazo lilibeba ujumbe mmoja, kutuma pesa nyumbani. Tanzania ikaipata mwaka uliofuata.

Hapo kuna mambo mawili ya kuchukua kwa ajili ya kikoba chenu. Kwanza, menyu ile ilikaa kwenye laini yenyewe, ikafanya kazi kwenye simu ya bei ndogo kuliko zote. Aliyeitengeneza alikubali kuishi ndani ya simu aliyonayo mteja badala ya kusubiri mteja anunue simu aipendayo mtengenezaji. Pili, kila muamala ulileta ujumbe kwa pande zote mbili, aliyetuma na aliyepokea, kwa wakati mmoja. Ujumbe ule unaooneshwa dukani na kwenye daladala, "imeingia, angalia hapa", ndio muhuri wa watu wa simu. Na tatizo la kutuma fedha kwenye namba ya mtu asiyekusudiwa lilipokithiri, kilichosaidia si matangazo ya kuwaambia watu wawe makini, bali kumwonesha mtumaji jina la mpokeaji kabla fedha hazijaondoka. Kenya utaratibu huo ukaitwa Hakikisha. Tazama kwamba hapo hatua imeongezwa, haikupunguzwa. Kuna wasanifu wanaoamini kwamba kurahisisha ni kupunguza mibonyezo basi, nami huwa nawauliza kama wangependa mlango wa benki usiwe na kitasa.

Kuhusu nywila na namba, ngoja nikueleze nilichokishuhudia. Mita za umeme wa kulipia kabla, za LUKU hapa kwetu na za namna hiyo Kenya na kwingineko, hutumia mfumo wa kimataifa ambao kila tokeni ni tarakimu 20. Tokeni hubeba ndani yake alama ya dakika ilipotolewa, dakika zilizokuwa zikihesabiwa tangu mwanzo wa mwaka 1993, na nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Kwa hiyo kabla ya siku hiyo kila mita ya hesabu hiyo ilibidi iingiziwe tarakimu 20 za kuianzisha upya, kisha 20 nyingine, ndipo zifuate zile 20 za umeme ulionunuliwa: jumla 60, kwa kidole, kwenye kibodi ndogo ya ukutani. Simlaumu aliyeamua hivyo zamani, maana mita haikuwa na mtandao na tarakimu hizo ndizo zilikuwa uzi pekee kati yake na ofisi. Lakini hesabu ya mashine ilipofika ukingoni, aliyeibeba alikuwa binadamu. Jioni moja nilimshikia tochi jirani yangu, bibi wa miaka 70 na ushee, mjukuu wake akimsomea kwenye simu. Mjukuu alianza kuzisoma mfululizo, wakapotea, wakaanza tena. Mara ya pili akazisoma nne nne, kama zilivyoandikwa, akanyamaza kila baada ya nne, na bibi akawa anajibu "ehee" ndipo aendelee. Walimaliza 60 bila kukosea. Ile "ehee" hakuna aliyeifundisha. Mafungu ya nne nne ndiyo yaliyoipa nafasi, kwa sababu mtu aliyepanga tarakimu kwenye ujumbe alikumbuka kwamba kichwa cha mtu hakibebi 20 kwa mkupuo.

Nywila yako yenye herufi kubwa na alama haina mafungu wala "ehee". Nina hakika kwamba nyingi kati ya hizo 30 zimeandikwa nyuma ya kitabu cha kikoba, au zimehifadhiwa na wajukuu, na kwa hiyo usalama uliodhani unauongeza umeupunguza. Wanachama wako tayari wana namba zao, wanaitwa kwa hizo kila Jumamosi na wamezishika. Wanayo pia mazoea ya namba ya siri ya tarakimu nne, kutoka kwenye huduma za fedha za simu. Tumia vilivyomo vichwani mwao.

Na ule ujumbe wa "Jumapili 10:00" unastahili aya yake, kwa sababu umetoka kwako wewe, Mswahili, ukiwaandikia Waswahili, lakini umeandikwa kwa saa ya kompyuta. Ulikusudia saa nne asubuhi. Mtu akiitazama saa ya ukutani ikaonesha 10:00 atasema saa nne bila kufikiri, kwa kuwa anajua anasoma saa. Lakini ujumbe hausomwi kama saa, unasomwa kama kauli ya mtu, na mtu akisema kumi ni kumi. Kwa kikundi ambacho miaka yote kimekutana saa kumi jioni, ujumbe huo ulisema wazi kabisa kwamba siku imebadilika na saa ni ileile. Ningetaka kujua ni wangapi kati ya wale "waliokosa kikao" walifika jioni ile na kukuta viti vimekunjwa. Andika "Jumapili saa 4 asubuhi", na kama unataka kuwa na hakika zaidi andika "kabla ya mchana". Usiwaachie programu za kigeni kazi ya kupanga tarehe na saa kwa Kiswahili; mara nyingi zinatafsiri maneno na kuacha hesabu ilivyo.

Sasa nikueleze pa kuanzia. Kiwango cha kimataifa kinachohusu kazi hii ya kusanifu kwa kumzingatia mtumiaji, ISO 9241-210, kilichotolewa mwaka 2010 na kuhuishwa 2019, kinataka kwanza kuyaelewa mazingira ya matumizi, ndipo kuyataja mahitaji, kisha kusanifu, kisha kupima kwa watumiaji, na kurudi nyuma kila inapobidi. Wewe ulianzia hatua ya tatu, kama tulivyofanya wengi wetu tulipokuwa vijana. Omba ruhusa ukae vikao vitatu bila kufungua programu. Kaa nyuma ya katibu, si pembeni ya mwenyekiti. Andika yale yanayochukua muda mrefu, yale yanayoleta ubishi, na yale yanayowachekesha, maana vicheko vya kikao huficha mambo mengi. Mimi nahisi kwamba uchungu halisi hauko kwenye hisa, ambazo mihuri inazimudu vizuri, bali kwenye riba ya mikopo na kwenye mgawanyo wa mwisho wa mzunguko, siku ile hesabu inapokesha na watu kununiana. Ikiwa ni hivyo, programu yako ilikwenda kusaidia pale pasipouma.

Baada ya hapo chora skrini mpya kwenye karatasi, kwa kalamu, wala usiogope kwamba zitaonekana za kitoto. Karatasi ina faida kwamba mtu haoni haya kuikosoa. Kisha mpe mwanachama mmoja mmoja kazi ya kufanya, si swali la kujibu. Mwambie, "Mama Asha amerudisha nusu ya mkopo na analipa faini ya kuchelewa, tuandikie." Mpe kalamu ifanye kazi ya kidole, halafu nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Utatamani kusema "hapo juu, mama, upande wa kulia". Ukisema umejifundisha mwenyewe kuficha kosa lako. Jakob Nielsen, mmoja wa wataalamu wanaojulikana sana katika upimaji wa aina hii, ametetea kwa miaka mingi kwamba watu watano hutosha kuibua sehemu kubwa ya matatizo katika awamu moja, na kwa uzoefu wangu ni kweli, ilimradi hao watano wasiwe wa kufanana. Chukua mtunza ufunguo mmoja, mwenye kiswaswadu mmoja, asiyejua kusoma mmoja, mwenye macho yanayomsumbua mmoja, na katibu. Mweka hazina mwache kwanza, ameshaizoea mno.

Sitaki nikuamulie utakachokuta, lakini kama ningekuwa mimi ningejaribu hivi. Sanduku, kufuli na mihuri vibaki kama vilivyo. Programu iwe daftari la pili la katibu, katika simu moja, si akaunti 30. Kila namba anayoiandika ioneshwe kwa tarakimu kubwa zinazojaza kioo, ageuze simu kuelekea mduara, isomwe kwa sauti, ndipo ihifadhiwe. Kikao kikifungwa, wanachama wote 30 wapate ujumbe mfupi wa kawaida kwa dakika ileile, unaotaja salio lililofungiwa sandukuni na hisa za mwenye simu, ili hata mwenye kiswaswadu awe na muhuri wake mfukoni. Gharama ya ujumbe huo iwekwe wazi na kikundi kiamue itoke mfuko gani. Na mtu akitaka kurekebisha kumbukumbu ya kikao kilichopita, programu idai namba za siri za watunza funguo wote watatu. Hizo ndizo kufuli. Kumbuka pia kwamba daftari lililokuwa likilala sandukuni sasa lina nakala kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Waeleze wanachama nakala iko wapi na nani anaweza kuifungua, kwa maneno ya kawaida, wakubali au wakatae.

Mafunzo siyakatai kabisa. Kuna ugumu ulio katika kazi yenyewe, ambao hakuna kitufe kitakachouondoa: kwa nini riba ya salio linalopungua hutofautiana na riba ya mkopo wote, kwa nini mgawanyo hufuata idadi ya hisa na si idadi ya watu. Hayo yanafundishwa, na yafundishwe na mwanachama mwenzao, nusu saa kabla ya kikao, kwa kokoto au kwa vifuniko vya soda. Lakini ukijikuta unaandaa somo la kueleza kitufe kilipo, simamisha somo ukakisogeze kitufe.

Mwambie mwenyekiti kwamba fedha za siku mbili zile zisitumike bado, na Jumamosi hii nenda na kalamu tu. Kwa kuanzia hesabu jambo moja: wanachama wangapi, baada ya kugongewa muhuri, hukifungua kitabu na kukitazama kabla ya kurudi mahali pao. Niandikie idadi hiyo pamoja na michoro yako ya karatasi, tuendelee kutoka hapo.